Nyuso Kadhaa, Mtu Mmoja: Namna ya Kuitazama Picha ya Everlyn Nicodemus

Mwaka 2022, National Portrait Gallery ya London ilinunua picha ambayo mwanamke mzaliwa wa Marangu, Kilimanjaro, alijichora mwenyewe miaka 40 kabla, alipokuwa akiishi Sweden. Ilikuwa mara ya kwanza kwa picha ya rangi ya mwanamke msanii mweusi aliyejichora mwenyewe kuingia katika hazina ya jumba hilo. Mchoraji ni Everlyn Nicodemus. Picha inaitwa Självporträtt, Åkersberga. Åkersberga ni mji ulio jirani na Stockholm.

Anayeiona kwa mara ya kwanza huenda akashangaa: sura si moja. Nyuso zinapandana, na ni vigumu kusema huyu anaishia wapi na yule anaanzia wapi. Kosa la mkono? Hapana. Huyu ni mtu mmoja ambaye ni msanii, mke, mama na mgeni ugenini kwa wakati uleule. Kamera ingempa uso mmoja tu, na ingemficha.

Hiyo ndiyo kazi ya uekspreshonisti: kuchora kinachosikika moyoni, hata kama kinachoonekana kwa macho kitapindishwa. Mnorwe Edvard Munch aliitangulia njia hiyo kwa picha ya Ukelele ya mwaka 1893, na mwaka 1905 vijana wa Dresden, Ujerumani, wakaunda kundi la Die Brücke lililoipa nguvu. Sweden iliipokea kupitia watu kama Sigrid Hjertén, aliyesoma kwa Matisse mjini Paris. Katika picha yake ya mwaka 1916, Ateljéinteriör, Hjertén amejichora ameketi kati ya wanaume wawili wanaozungumza kana kwamba hayupo, huku mwanawe akiwa pembeni. Miaka 66 baadaye, Mtanzania katika nchi hiyohiyo alirudi kwenye swali lilelile la mwanamke anayegawanyika, akalijibu kwa njia yake.

Nicodemus hakupitia chuo cha sanaa. Alihamia Sweden mwaka 1973, akasoma anthropolojia Chuo Kikuu cha Stockholm. Aliporudi Tanzania kufanya utafiti, ilimkera nafasi ya kuwachunguza watu kana kwamba ni vielelezo. Akashika brashi, na mwaka 1980 akafanya maonyesho yake ya kwanza Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Hakuacha kuwasikiliza watu: kwa mfululizo wa Woman in the World, kati ya 1984 na 1986, alikaa na wanawake wa Skive nchini Denmark, wa Tanzania na wa Kolkata nchini India, wakazungumza, kisha akachora kutokana na mazungumzo hayo.

Baadaye rangi peke yake haikumtosha. Mwaka 2004 alitengeneza kitambaa chenye urefu wa mita 16, kilichojaa kumbukumbu za mauaji ya halaiki. Urefu huo ni hoja: huwezi kuimaliza kazi hiyo kwa kuitupia jicho mara moja, lazima uifuate hatua kwa hatua. Katika kazi nyingine alitumia nyavu za chuma na vitambaa. Wavu huzuia na kubana. Kitambaa hufunika, na hufunga jeraha. Mtazamaji huvijua vitu hivyo kwa ngozi yake kabla hajavifikiria.

Kuchanganya vitu namna hii si jambo geni. Ukelele wenyewe umechorwa juu ya kadibodi. Mwaka 1912 Picasso alibandika kitambaa cha mezani kilichopakwa mafuta katika picha na kuizungushia kamba halisi. Karibu nasi, Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi, huchora kwa rangi ya mafuta juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mutuba kinachotengenezwa Uganda. Armitage hafichi matundu na mishono ya lubugo. Huiacha iamue mti au mtu akae wapi katika picha.

Hapa Inyonga, wilayani Mlele, elimu hii haiko mbali. Mrina asali wa Mlele anajua kwamba mti wa myombo ukibanduliwa gome kuuzunguka, hufa. Akikuta gome ndani ya picha, hataona pambo tu. Ataona na mti uliolipa gharama. Nta anayoichuja nayo ina historia: wachoraji wa Misri enzi za Warumi waliiyeyusha, wakaichanganya na rangi, wakachora nyuso za watu juu ya mbao. Picha hizo za Fayum, nyingine zikikaribia miaka 2,000, zingali na rangi yake.

Kijana anayetaka kujaribu asisubiri turubai kutoka Dar es Salaam, ila ajue miiko michache. Rangi ya mafuta hushika juu ya akriliki iliyokauka. Akriliki juu ya mafuta hubanduka. Kitambaa cha pamba kipakwe kwanza rangi ya msingi, maana mafuta yakikigusa moja kwa moja hukiozesha. Karatasi ya gazeti hugeuka njano na kumeguka, hivyo itumie ikiwa kuzeeka huko ni sehemu ya unachosema. Nta huyeyuka kwenye nyuzi joto 60 na kitu. Picha yake isiachwe juani.

Muhimu kuliko hayo ni kipimo kimoja, kwa mchoraji na kwa mtazamaji. Chagua kitu kimoja kilichotumika katika kazi, kitoe kwa mawazo, weka kingine mahali pake. Ukitoa wavu wa chuma ukaweka uzi, je, kazi bado inasema jambo lilelile? Kama inasema, wavu ulikuwa mbwembwe. Kama imenyamaza, msanii alijua alichokuwa akifanya, hata kama hakuna uso mmoja ndani yake unaofanana na mtu unayemfahamu. Kuanzia Oktoba 2024 hadi Mei 2025, National Galleries of Scotland mjini Edinburgh ilionyesha kazi za Nicodemus za zaidi ya miaka 40. Kazi za mtu asiyepitia chuo cha sanaa zilifika huko kwa kuvuka kipimo hicho.