Hesabu ya Nusu Kiwanja

Ukitaja ajali ya ndege mkoani Kagera, fikra za wengi huenda Ziwa Victoria, asubuhi ya Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilipotumbukia majini ikijaribu kutua Bukoba. Watu 19 kati ya 43 waliokuwamo walifariki. Kutua kunaogopwa, na si bure. Kuruka hakutishi sana: injini inanguruma, abiria wamefunga mikanda, na breki hakuna anayezikumbuka. Lakini kwenye viwanja vya udongo vya nyanda za juu, kama za Ngara na Biharamulo, breki iliyogandama kidogo inatosha kuleta maafa.

Ndege ndogo kama Cessna 206 ina pedali mbili. Rubani akisukuma sehemu ya chini kwa mguu, anageuza usukani wa mkia. Akikanyaga ncha ya juu kwa vidole, anafunga breki ya gurudumu la upande huo. Kila gurudumu kubwa la nyuma lina diski na pedi zake. Tope likikaukia humo, kutu ikiota, au breki ya kuegeshea ikiachiwa nusu tu, pedi huendelea kusugua diski. Msuguano huzaa joto, joto hutanua mafuta ya breki, na mafuta yaliyotanuka hukaza pedi zaidi. Tena, mafuta ya breki ya gari hayafai hapa: mipira ya breki za ndege ndogo imetengenezwa kwa mafuta mekundu yanayotokana na mafuta ghafi, na ikikutana na yale ya gari huharibika.

Gurudumu moja likishikwa, ndege huvutika upande huo. Mwanzoni mwendo ni mdogo, na upepo haujaupa usukani wa mkia nguvu. Rubani husukuma pedali ya upande wa pili. Vidole vikipanda juu kidogo, breki ya pili nayo inafunga. Ndege inanyooka, rubani anaridhika, kumbe sasa inashikwa magurudumu yote mawili.

Mwinuko nao una deni lake. Chukua kiwanja kilicho mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, siku yenye joto la nyuzi 28. Hewa hapo ni nyepesi kwa takriban moja ya tano kuliko hewa ya kawaida ya pwani. Ili mabawa yapate nguvu ileile ya kuinua, ndege lazima ikimbie kwa kasi zaidi kwa kama asilimia 12, huku injini isiyo na turbo ikipumua hewa pungufu na kutoa nguvu pungufu. Ndege iliyohitaji mita 280 kuachana na ardhi pwani sasa inahitaji zaidi ya 400. Breki zikila moja ya tano ya nguvu inayobaki kuisukuma mbele, umbali huo unaongezeka kwa robo, yaani unapita mita 500. Nyasi zilizolowa kwa mvua za masika huongeza mita nyingine.

Hatari haiishii kwenye umbali. Breki hushika chini, kwenye magurudumu, ilhali uzito wa ndege uko juu yake, hivyo pua husukumwa chini wakati rubani anataka kuiinua. Hilo lilidhihirika Yaroslavl, Urusi, Septemba 7, 2011. Ndege aina ya Yak-42 iliyobeba timu ya mpira wa magongo wa barafuni ya Lokomotiv ilipita mwisho wa njia ya kurukia, ikainuka kwa shida na kuanguka. Watu 44 kati ya 45 walikufa. Wachunguzi walibaini kwamba breki zilikanyagwa ndege ikiwa inakimbia kuruka. Marubani walikuwa na mazoea ya ndege nyingine, Yak-40, ambayo pedali zake ni tofauti.

Dawa ni hesabu nyepesi. Ndege ikiongeza mwendo kwa kiwango kilekile, umbali hukua kwa mraba wa mwendo. Kwa hiyo inapofika nusu ya kiwanja inapaswa kuwa na angalau asilimia 70 ya mwendo wa kuruka. Ikiwa na asilimia 70 hiyo tu, itaachana na ardhi mwishoni kabisa. Ikiwa chini ya hapo, haitaruka. Rubani mwangalifu huchagua alama ya katikati, jiwe au kichaka, kabla hajafungua mafuta, na pungufu ikijitokeza pale, hukatisha safari bila kujadiliana na nafsi yake.

Akikatisha, breki zilezile ndizo zitakazomsimamisha. Ndege ya kilo 1,600 ikikimbia kilomita 112 kwa saa imebeba nishati inayoweza kuchemsha lita mbili za maji, na sehemu kubwa yake itaishia kwenye diski mbili ndogo. Kwenye asilimia 70 ya mwendo huo nishati ni nusu tu. Ndiyo maana uamuzi hufanywa katikati ya kiwanja. Na kabla ya yote, asubuhi, ndege isukumwe kwa mikono hatua chache: magurudumu yakikataa kuzunguka kwa wepesi, fundi aitwe kwanza, abiria wasubiri.