Pistoni Kwanza, Kuchonga Baadaye

Vijana wengi wa bodaboda wakifika gereji huja na ombi moja: "Fundi, niongezee nguvu." Jibu langu ni lilelile miaka yote. Kabla ya kuongeza, turudishe kwanza ile iliyopotea. Pikipiki iliyokula vumbi la barabara za changarawe misimu kadhaa huwa haijakosa injini kubwa. Imekosa kubana. Hewa na petroli iliyovutwa ndani inavuja kabla haijalipuka, na kinachobaki ndicho kinachomsukuma abiria.

Nitumie mfano wa injini ninayoifahamu zaidi, ile ya Honda CG125 iliyotoka katikati ya miaka ya 1970. Viwanda vya China vimeinakili mno, na vizazi vyake vinabeba watu na magunia karibu kila kona ya Afrika Mashariki. Kipenyo cha silinda yake ni milimita 56.5, na pistoni inapanda na kushuka milimita 49.5. Haina mnyororo wa taimingi. Kamshafti imekaa chini na vali zinasukumwa na fimbo mbili ndefu. Ni injini ya kazi, iliyobuniwa kwa ajili ya mtu asiye na muda wala pesa za kwenda gereji kila wiki.

Usikubali injini ishushwe kabla haijapimwa. Chomoa plagi, funga geji ya kompresheni kwenye tundu lake, vuta mafuta hadi mwisho, kisha piga kiki mara sita au saba. Andika namba. Sasa mimina kijiko kimoja cha oili kupitia tundu lilelile na urudie. Namba ikipanda sana, ringi na silinda ndizo zimekwisha, kwa sababu oili imeziba mwanya kwa muda. Isipopanda, ubovu uko juu: vali hazikai vizuri au gasketi ya hedi inapitisha. Moshi nao unasema. Moshi wa bluu unaotoka asubuhi pikipiki ikiwashwa, kisha ukakata, ni wa sili za vali zilizoachia oili ishuke usiku kucha. Unaotoka muda wote, hasa ukivuta mafuta kupanda mlima, ni wa ringi.

Zamani, nikiwa bado najifunza, nilipeleka silinda kwa mchongaji bila pistoni mkononi. Nilimwambia tu achonge ovasaizi ya kwanza, yaani milimita 0.25. Kesho yake nikanunua pistoni dukani, boksi limeandikwa hivyohivyo. Tukafunga, injini ikawaka, ikaanza kugonga kama cherehani iliyokauka. Nilipoishusha na kuazima maikromita, nikakuta pistoni ni ndogo kidogo kuliko maandishi ya boksi, na silinda imechongwa kubwa kidogo kuliko ilivyotakiwa. Kila kosa peke yake lingevumilika. Yalipokutana, pistoni ilikuwa inapigapiga ukuta wa silinda kila inapogeuka. Pistoni ya pili nililipa mimi, na mwenye pikipiki alikaa siku nne bila kazi.

Tangu siku hiyo nanunua pistoni kwanza, kuchonga baadaye. Pistoni hupimwa kwa maikromita karibu na mwisho wa sketi yake, upande usio na pini, kwa kuwa pistoni si duara kamili. Upande wa pini huwa mwembamba kwa makusudi. Kipimo hicho na pistoni yenyewe ndivyo vinavyokwenda kwa mchongaji, naye anaacha mwanya wa takribani milimita 0.03 hadi 0.04. Huo ni mwembamba kuliko unywele wa kichwani. Ukuta wa silinda usiachwe uking'aa kama kioo. Unatakiwa uwe na michirizi myembamba inayokatana, ili oili ipate pa kushika na ringi zipate pa kujisugulia mpaka zikae.

Ringi nazo hazitoki kwenye pakiti moja kwa moja kwenda kwenye pistoni. Ingiza kila moja ndani ya silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, kisha pima nafasi kati ya ncha zake mbili kwa fila. Kwa silinda hii, milimita 0.2 hivi inafaa. Ncha zikikosa nafasi, injini ikipata moto zitagusana, na ringi itakatika au itakwaruza ukuta. Wakati wa kufunga, nafasi hizo zipishane kuizunguka pistoni, zisikae mstari mmoja. Na kabla ya kuingiza vibana vidogo vya pini, ziba mdomo wa krenki kwa kitambaa safi. Kibana kimoja kikidondoka humo, jioni yote imekwisha.

Kuna imani kwamba ovasaizi inaongeza nguvu. Tupige hesabu. Silinda ya milimita 56.5 inatoa sentimita za ujazo 124.1. Ukichonga milimita 0.25 unapata 125.2. Hata ukifika ovasaizi ya milimita moja nzima, ni 128.5 tu, ongezeko lisilofika asilimia 4. Nguvu anayoisikia dereva baada ya kufanya ringi ni kompresheni iliyorudi.

Wanaotaka zaidi huweka silinda ya milimita 62, na hapo ujazo unafika 149.4. Hilo ni ongezeko la kweli, ila lina masharti. Mdomo wa krenki lazima uchongwe ili silinda nene iingie, na hedi lazima iendane nayo. Injini ya 125 hubana kwa uwiano wa karibu 9 kwa 1, maana yake chumba cha moto kina sentimita za ujazo 15.5 hivi. Ukiacha chumba hichohicho juu ya silinda ya 62, uwiano unaruka hadi 10.6. Injini inayopozwa kwa upepo, ikibeba watu wawili na mzigo jua la mchana, itaanza kugonga kwa petroli kuwaka kabla ya wakati, na mwisho wake ni pistoni kutoboka. Mimi sipendekezi kazi hiyo kwa pikipiki ya biashara.

Pesa hiyo naipeleka kwenye hedi. Saga vali kwa pasta hadi zionyeshe mduara mmoja wa kijivu usiokatika, zirudishe na springi zake, mimina petroli kwenye njia ya hewa na usubiri dakika chache. Tone likipita upande wa pili, bado. Weka sili mpya na upime nafasi ya vali injini ikiwa baridi: milimita 0.08. Kisha fungua kifuniko cha upande wa klachi, usafishe kile kikombe kinachozunguka mwishoni mwa krenki. Injini hii haina chujio la oili la karatasi. Uchafu hurushwa ukutani mwa kikombe hicho na kuganda kama ukoko wa ugali. Nimefungua injini "zilizofanywa" mara mbili ambazo ukoko wake haukuwahi kuguswa.

Chujio la hewa lisitolewe ili injini "ipumue". Vumbi la mchanga ni gumu kuliko chuma cha silinda, na ndilo lililoimaliza injini mara ya kwanza. Kabureta irekebishwe kwa mahali pikipiki inapofanyia kazi. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa takribani asilimia 15 kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo pikipiki iliyotoka pwani itakosa pumzi na kuchafua plagi hata kama injini ni nzima. Plagi yenye rangi ya chai ya maziwa iko sawa. Nyeusi ya masizi, petroli imezidi. Nyeupe, petroli ni pungufu na joto linaua pistoni.

Oili iwe ya pikipiki, yenye alama ya JASO MA, kwa sababu klachi inaogelea humohumo. Baadhi ya oili za magari huifanya iteleze. Kilomita 500 za mwanzo endesha kwa mwendo unaobadilika, usiilemee kwa gia kubwa, usibebe mishikaki. Mwaga oili ya kwanza kwenye kilomita 200 au 300 na uitazame juani. Ukungu wa kijivu ni wa kawaida. Vipande vinavyoshikika kwa kidole si vya kawaida. Usiiwashe tena injini, mrudie fundi.

Na huyo fundi, kabla hajafungua hata nati moja, mwombe akuonyeshe maikromita yake.