INJINIA AITWE KABLA YA JEMBE LA KWANZA

Vikundi vingi vikiamua kujenga zahanati huanza na mawe. Harambee inafanywa, mchanga unaletwa, msingi unachimbwa. Mambo ya maji, umeme na hewa yanaachwa nyuma. "Hayo tutayaona baadaye," watu husema. Basi, ndugu wasomaji, hebu tuone vile neno hilo "baadaye" linaweza kugharimu hata wale wenye pesa nyingi.

Hospitali iliyokosa hewa

Katika mji wa Edinburgh, Uskoti, ilijengwa hospitali mpya ya watoto kwa pauni milioni 150 hivi, ichukue nafasi ya ile ya zamani. Wagonjwa walikuwa wahamie tarehe 9 Julai 2019. Siku chache tu kabla ya hapo, tarehe 4 Julai, Waziri wa Afya Jeane Freeman alisimamisha kila kitu. Kwa nini? Hewa!

Chumba cha wagonjwa mahututi kinatakiwa kubadilishiwa hewa yote mara 10 kila saa, ili viini vya magonjwa vitolewe nje. Vyumba vingine hapo vilikuwa vimewekewa mitambo ya kubadilisha mara 4 tu. Uchunguzi ulirudi nyuma mpaka ukafika kwenye jedwali moja la mwaka 2012, ambako tarakimu iliandikwa vibaya. Kumbe kosa lilizaliwa kabla hata jiwe la kwanza halijawekwa! Waliofuata wakaendelea na karatasi ile ile, na kwa miaka saba kosa halikusahihishwa.

Mabomba ya hewa hupita juu ya dari, na mashine zake zinahitaji nafasi. Huwezi kuyabadilisha kama balbu. Mwaka 2019 marekebisho yalikadiriwa kuwa pauni milioni 16. Tena, tangu Februari mwaka huo jengo lilikuwa likilipiwa pauni milioni 1.4 hivi kila mwezi, na huku wodi ni tupu. Hospitali ilifunguliwa kikamilifu Machi 2021. Muda huo wote watoto waliolazwa walibaki katika jengo la zamani.

Kazi ya mainjinia ni gani?

Msanifu huchora vyumba. Injinia wa majengo husema nguzo ziwe na unene gani. Wengine hushughulikia maji, umeme na hewa. Chumba cha eksirei kinahitaji kuta za kuzuia miale. Oksijeni inahitaji bomba. Jenereta inahitaji mahali ambapo kelele na moshi havitasumbua wagonjwa. Mambo haya yote yanataka nafasi. Yakisemwa mapema, mstari kwenye ramani unafutwa kwa raba. Yakisemwa ukuta ukishasimama, unafutwa kwa nyundo.

Kujenga upya hospitali inayoendelea kufanya kazi ni kugumu zaidi. Maji yatakatwa lini? Vumbi litazuiwaje lisiwafikie wagonjwa dhaifu? Hayo hupangwa kabla, si siku fundi amefika na mtarimbo.

Lakini kumwita mapema peke yake hakutoshi. Edinburgh karatasi ziliandaliwa mapema, na bado kosa likapita. Lazima mtu mwingine azisome, na wale watakaotumia chumba waulizwe.

Nasi tufanye nini?

1. Kaeni na muuguzi au klinikal ofisa. Andikeni kila chumba ni cha kazi gani na watu wangapi watakaa humo.

2. Nendeni ofisi za kaunti, idara ya afya na ya ujenzi, kabla ya kununua mawe. Zahanati na hospitali za kaunti ziko chini ya serikali za kaunti. Ulizeni pia kama injinia wenu amesajiliwa na Bodi ya Wahandisi.

3. Madirisha yatazamane, upepo uingie huku utokee kule. Mtu wa kifua kikuu akikohoa ndani ya chumba kisicho na hewa, anawaambukiza wenzake.

4. Wekeni pesa za ushauri kwenye bajeti tangu mwanzo. Si pesa za kupotea.

5. Ramani ikiisha, mpeni mtu ambaye hakuichora aikague.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Pale Edinburgh ufa ulikuwa kwenye karatasi, na karatasi ndiyo rahisi kuliko yote kuziba.

Maswali ya kujadili katika kikundi

- Katika mradi wetu, ni jambo gani tumeliacha la "baadaye"?
- Ni nani atakayefanya kazi katika jengo hili, na tumemuuliza?
- Ramani yetu imesomwa na watu wangapi?