Dola moja na nusu, shule ikasimama!

Jirani yangu mmoja, dada msomi hasa, kila siku ananiambia angefungua tuisheni ila hana mtaji. Juzi nikampa stori ya Mary McLeod Bethune.

Huyu mama, Mmarekani mweusi aliyezaliwa 1875, wazazi wake waliwahi kuwa watumwa. Alitamani sana kuja kufundisha Afrika, lakini wakubwa wa misheni wakamtolea nje: eti huko hakuna nafasi ya mtu mweusi. Afrika hii hii jamani! Ilimuuma kweli.

Basi Oktoba 1904 akafungua shule yake Daytona, Florida, mfukoni ana dola moja na nusu, mbele yake wasichana watano na mwanawe mwenyewe. Makasha ndiyo madawati. Vijiti vilivyochomwa moto ndiyo penseli, wino ni maji ya matunda ya porini. Ada je? Bibie akaoka pai za viazi vitamu, akawauzia vibarua wa reli. Jalala likageuka kiwanja cha shule. Mwaka 1923 ikaungana na Cookman Institute ya Jacksonville, na leo ni chuo kikuu.

Jirani akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Hivi fungu la viazi sokoni siku hizi shilingi ngapi?"