Tusiuze vito kabla ya kuvijua

Waswahili wameenzi vito tangu jadi. Mabinti huitwa Johari, Lulu na Zumaridi, na wavulana huitwa Almasi na Marijani. Hata hivyo, mwulize mwanafunzi wa shule ya upili tofauti iliyopo kati ya yakuti na kipande cha chupa nyekundu, na yamkini atanyamaza. Kwa maoni yangu, kimya hicho kinaigharimu nchi hii, hususan wakazi wa Taita Taveta ambao wanalala juu ya vito.

Kito ni nini hasa? Aghalabu ni madini yenye sifa tatu: uzuri, ugumu na uadimu. Nasema aghalabu kwa kuwa lulu hutoka kwa chaza, nayo marijani hujengwa na viumbe wadogo wa baharini.

Mara nyingi rangi ya kito hutokana na chembechembe kidogo sana za elementi ngeni. Yakuti nyekundu na yakuti ya samawati ni madini yale yale, yaani muungano wa alumini na oksijeni. Kromiamu kidogo ikipenya, jiwe huwa jekundu. Chuma na titaniamu vikipenya, huwa la samawati.

Ama kuhusu ugumu, mnamo 1812 mtaalamu Mjerumani, Friedrich Mohs, alibuni kipimo cha kuanzia 1 hadi 10. Almasi ndiyo yenye 10, na yakuti ina 9. Vumbi la majumbani mwetu huwa na punje za mchanga zenye ugumu wa 7. Kwa hivyo tanzanaiti, ambayo ugumu wake haufiki 7, hukwaruzika upesi ikivaliwa kama pete kila siku. Inafaa zaidi kuwa herini au kidani.

Sasa tuje nyumbani. Mnamo 1967 mwanajiolojia Campbell Bridges aligundua kaskazini mwa Tanzania ganeti ya kijani iliyong'aa ajabu. Mapema katika miaka ya 1970 aliipata tena upande wetu, katika Taita Taveta. Mwaka wa 1974 kampuni ya Tiffany ya Marekani ilianza kuinadi kwa jina la tsavoraiti, kutokana na Tsavo yetu.

Kito hiki kina sifa za kujivunia. Ni nadra kupata tsavoraiti safi iliyochongwa ambayo uzito wake unapita karati 5, yaani gramu moja tu. Isitoshe, tanzanaiti nyingi hupashwa moto ili zipate rangi ya samawati, lakini kwa kawaida tsavoraiti huuzwa kwa rangi yake ya asili.

Utajiri huu pia umemwaga damu. Bridges mwenyewe aliuawa Agosti 2009 karibu na Voi, aliposhambuliwa na kundi la watu.

Nimewahi kuzungumza na wachimbaji wadogo wa eneo hilo. Mmoja alinionyesha mawe machache ya kijani aliyoyafunga katika kitambaa. Nilipomwuliza bei, alijibu kwamba bei huijua dalali. Hakuwa na mizani ya karati wala lenzi ya kukagua nyufa. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini kito kilicho kibichi hakijiuzi. Huuzwa na yule anayekijua.

Baada ya jiwe kuondoka mikononi mwa mchimbaji, mchongaji hulipasua, hulipa umbo na kulikata nyuso nyingi ndogo ndogo. Kila uso huwa na pembe yake maalumu ili mwanga uingie juu, ugonge nyuso za chini na kurudi machoni pa mtazamaji. Pembe ikikosewa, mwanga huvujia chini na kito huonekana kimefifia. Mara nyingi zaidi ya nusu ya uzito hupotea katika kazi hiyo, ilhali kinachobaki huwa na thamani kubwa kuliko jiwe zima. Baada ya hapo sonara hukipachika katika dhahabu au fedha.

Je, sisi hatuna mikono hiyo? Tunayo! Masonara wa Lamu huchukua vigae vya sahani za kale za Kichina, huvisugua na kuvipachika katika pete za fedha ambazo wageni huzigombania. Ikiwa kigae cha sahani iliyovunjika hugeuka pambo, seuze tsavoraiti?

Sheria ya Madini ya 2016 imeagiza kwamba mrabaha ugawanywe hivi: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya mahali madini yanapochimbwa. Ni hatua njema. Lakini jiwe likiuzwa kwa bei ya kutupa, asilimia 10 ya kidogo itabaki kuwa kidogo.

Ndiposa nawageukia walimu. Mwalimu wa kemia anaweza kueleza rangi za yakuti badala ya kutaja kromiamu kwa jina tu. Mwalimu wa hesabu anaweza kufundisha pembe kwa mfano wa kito. Mwalimu wa jiografia asiishie kutaja magadi ya Magadi, na yule wa sanaa awapeleke wanafunzi kwa sonara wa mjini wakaone kazi.

Nawe mwanafunzi, hasa uliyezaliwa Voi, Mwatate au Kasighau, usidharau ufundi huu ukidhani ni kazi ya waliofeli. Unahitaji sayansi, hesabu na jicho la msanii kwa pamoja. Wazazi wako wamechimba vya kutosha. Kinachosubiriwa ni mtoto wao atakayeweza kulishika jiwe, kulipima na kumtajia mnunuzi bei.