Kabla hujanunua darubini ya mbugani

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977. Kwa hivyo, mzazi, ukiwapeleka watoto katika Mbuga ya Nairobi, utakachomwelekezea simba si bunduki bali darubini. Je, utaichaguaje bila kupunjwa?

Usidanganyike na muuzaji anayekwambia kwamba inayokuza mara 20 ndiyo bora. Kadiri inavyokuza ndivyo picha inavyotikisika mkononi, na mtoto hataona kitu. Kwa mfuko wa wastani, tafuta iliyoandikwa 8x42. Nambari ya kwanza ni ukuzaji. Ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, na kioo hicho ndicho kinachoingiza mwanga. Alfajiri, simba wakiwa bado wanatembea, utauhitaji sana.

Mimi niliwahi kuvutiwa na ile yenye vioo vyekundu vinavyometameta. Kufika mbugani, twiga alikuwa wa kijani! Iepuke.

Kabla hujalipa, toka nayo nje ya duka usome bango la mbali kwa dakika mbili hivi. Macho yakiuma, au herufi zikionekana mbili mbili, mrudishie mwenyewe. Na kama unavaa miwani, ijaribu ukiwa umeivaa.