Sauti Tano Zilizokosa Tundu

Haya, sogeeni karibu. Nani kati yenu anaimba kwaya? Basi nipandieni ngazi: do, re, mi, fa, so, la, ti, do. Safi kabisa. Sasa mkipata nafasi kitazameni kinanda. Mtaona kwamba sauti saba mlizoimba si zote. Kati ya do na re imejibanza sauti nyingine. Kati ya re na mi ipo nyingine. Mi na fa wamekaa bega kwa bega, hapapiti kitu. Halafu kuna moja kati ya fa na so, moja kati ya so na la, na moja kati ya la na ti. Hizo ni tano. Ongezeni na zile saba, mnapata kumi na mbili.

Filimbi ya bati ilizaliwa bila hizo tano. Na waliozitamani hawakukubali yaishe.

Filimbi za matundu sita ni za kale sana, lakini hii ya bati tunayoijua ina mwenyewe. Mwaka 1843 mtu maskini wa kijijini Coney Weston, Uingereza, jina lake Robert Clarke, alianza kukunja mabati membamba kuwa mabomba na kuyatia kipande cha mti mdomoni. Inasimuliwa kwamba alikwenda kwa miguu hadi Manchester akisukuma mkokoteni wa vifaa vyake, akitengeneza filimbi na kuziuza njiani. Bei ilikuwa ndogo, hata mtoto aliweza kununua. Waayalandi wakaipenda mpaka leo watu wengi wanadhani ni yao tangu asili.

Inavyofanya kazi ni rahisi. Ziba matundu yote sita, puliza polepole: do. Inua kidole cha chini kabisa: re. Inua kinachofuata: mi. Endelea hivyo hadi yote yawe wazi, na hapo ni ti. Kila tundu unalofungua linafupisha nguzo ya hewa iliyomo ndani, na nguzo fupi hutoa sauti ya juu. Matundu sita, sauti saba, kwisha. Ukitaka ile iliyojibanza kati ya re na mi, utafungua nini?

Wajanja wana njia mbili. Ya kwanza ni ya uchochoroni: acha tundu la juu wazi, ziba mawili yanayofuata, na ile sauti ya kati ya la na ti inatoka vizuri tu. Ya pili ni kuziba tundu nusu. Hii inafaa wimbo wa polepole. Wimbo ukienda mbio, nusu ya leo si nusu ya kesho; kidole kikisogea kidogo tu, wasikilizaji wanakunja uso.

Hapo ndipo kinapoingia kibonyezo, yaani kifuniko cha chuma juu ya tundu la ziada, kinachofunguka ukikibonyeza. Wazo lenyewe waliliwahi wapiga filimbi za mti, zile zinazopulizwa kwa ubavu. Mwishoni mwa karne ya 17 mafundi wa Ufaransa walitoboa tundu la saba chini ya yale sita na kulifunika kwa kifuniko cha chuma. Katikati ya karne ya 18, London, wakaongeza vifuniko vingine vitatu. Baadaye vikafika vinane. Na katika karne ya 19 zilikuwapo pia filimbi za kupulizwa kwa ncha, ndugu wa hii ya bati, zenye vibonyezo vya fedha au shaba. Kwa hiyo fundi wa leo anayeweka vibonyezo kwenye filimbi ya bati habuni kitu kipya, anafuata ramani ya wazee.

Ramani hiyo ndiyo inayonifurahisha zaidi. Shikeni filimbi ya kuwazia. Mkono wa kushoto juu, vidole vitatu kwenye matundu matatu. Wa kulia chini, vivyo hivyo. Nani hana kazi? Vidole vya mwisho viwili, basi, na vidole gumba vinavyoshikilia tu kwa nyuma. Wazee wakawaajiri. Kidole cha mwisho cha kulia kikapewa sauti ya kati ya do na re. Cha mwisho cha kushoto kikapewa ya kati ya fa na so. Gumba la kushoto likapewa ya kati ya so na la.

Ile ya kati ya re na mi ikaleta ubishi. Tundu lake liko kati ya tundu la tano na tundu la sita ukihesabu kutoka juu, na kidole cha karibu ni kile kinachoziba tundu la sita. Ukitoka re hakuna shida, maana kidole hicho kipo juu hewani, kinashuka tu kubonyeza. Lakini ukitoka do, kidole kimeshika tundu lake. Lazima kiruke kutoka hapo kwenda kwenye kibonyezo, na katikati ya kuruka inaponyoka sauti ambayo hukuiita. Ndiyo maana filimbi za vibonyezo vinane zina viwili kwa sauti hiyo moja: kifupi, na kingine chenye mkono mrefu unaofika hadi kidole cha mwisho cha kushoto.

Sasa tumtazame fundi kazini. Bati la bomba la filimbi ni jembamba, unene wake wala haufiki milimita moja, tena bomba lenyewe ni la mviringo. Kifuniko ni bapa. Ukilaza kitu bapa juu ya kitu cha mviringo, hewa inatoroka pembeni. Kwa hiyo anatoboa tundu dogo, kisha analehemu juu yake pete ndogo ya shaba iliyosawazishwa kwa tupa, ili kifuniko kipate pa kukalia. Analehemu vishikio viwili, anapitisha pini, na juu ya pini anaweka mkono wa chuma unaocheza kama pembea ya ubao: huku unashuka, kule kunapanda. Chini ya kifuniko anabandika ngozi laini. Chini ya mkono anaweka springi ya kukirudisha.

Tundu lenyewe linaanza dogo kwa makusudi. Tundu dogo hutoa sauti iliyo chini kuliko inavyotakiwa. Fundi analikuza kidogo, anapuliza, anasikiliza, analikuza tena, na sauti inapanda. Akipitiliza imekula kwake. Filimbi ya kawaida ya ufunguo wa D ina nguzo ya hewa ya karibu sentimita 29, na nusu sauti ya kwanza kutoka do ni kama kuifupisha sentimita moja na nusu hivi. Kosa la milimita chache linasikika.

Mwisho anapima kama kifuniko kinaziba. Anachukua ukanda wa karatasi nyembamba sana, anauweka chini ya ngozi, anaachia kifuniko, anauvuta taratibu. Ukigoma upande huu na kuteleza upande ule, kifuniko kimekaa mshazari na kinavujisha, na do ya chini itakataa kutoka. Springi nayo ina matata yake: ikiwa laini, hewa inavuja, ikiwa ngumu, kidole cha mwisho kinachoka kabla ya wimbo kuisha.

Kazi yote hiyo inaipita mbali bei ya filimbi yenyewe. Kwa maoni yangu vibonyezo vinne vinatosha, maana ile ya tano tayari ina uchochoro wake.

Lakini kuna kitu kibonyezo hakiwezi. Miaka ya 1950 huko Johannesburg, vijana wa mitaani walipiga muziki wa kwela kwa filimbi hizi za bei ndogo, na Spokes Mashiyane akawa nyota kwa kuzirekodi. Hawakuwa na kibonyezo hata kimoja. Walifungua tundu kidogokidogo, sauti ikapanda kwa kuteleza toka noti moja hadi nyingine, ikipita katika zile za kati zote na hata zisizo na jina. Kifuniko cha chuma kimefunga au kimefungua.